Goti la Mama Karibu na Wageni Wake

"Sasa mwenzangu, hilo goti la chuma likianza kulia kwi kwi, tumwite daktari au fundi wa milango?"

Swali hilo Mama Karibu aliulizwa na jirani yake msusi, siku ile ile aliyorudi kutoka hospitali, hata mlangoni hajafika. Ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye gari, gongo kwapani, mkono mwingine umemshika mkwe wake, yaani mke wa mwanawe wa pekee. Alicheka mpaka akashika paja, akihofia nyuzi zisije zikafumuka.

"Tuwaite wote wawili," akajibu. "Atakayetangulia ndiye atakayekuta chai ya moto."

Ndivyo alivyo huyu mama. Umkute na raha, umkute na maumivu, neno la kwanza kumtoka ni karibu, na la pili ni chai.

Jina lenyewe la Mama Karibu alilipata kazini. Alikuwa mhudumu wa ofisi, kwenye jengo la ghorofa ambalo lifti yake ilikuwa na tabia ya kususa. Jiko la chai lilikuwa chini kabisa, wakubwa walikuwa juu kabisa, na katikati palikuwa na ngazi. Alizipanda na kuzishuka miaka nenda miaka rudi, sinia mkononi, vikombe vimefunikwa visahani ili chai isipoe. Mlango wa mapokezi ukifunguliwa, awe mkurugenzi au muuza karanga, yeye ameshasimama. "Karibu, karibu sana, keti hapa." Hakuna mtu aliyewahi kuingia akamkuta amekaa. Mama yake mzazi alimkuza hivyo: mgeni hapokelewi umekaa, seuze umelala, na kumwelekezea mtu unyayo ni sawa na kumwambia atoke.

Zile ngazi zikamla goti la kulia taratibu. Lilianza kwa kunung'unika, likaja kusaga kama lina mchanga ndani, mwisho likapinda, akawa anatembea kwa kuyumba. Daktari alipotazama picha alisema ile nyama laini inayotenganisha mifupa imekwisha, mfupa unasuguana na mfupa, dawa yake ni kuweka goti la bandia. Mama Karibu aliogopa, nani asiyeogopa kisu? Akina mama wenzake wa sala wakamshika mkono, wakamwombea mpaka siku ya upasuaji ikafika, na wengine wakashinda nje ya wodi kama wanaolinda hazina.

Alipozinduka, ulimi bado mzito kwa dawa, nesi aliinama kumtazama. Mama Karibu akafumbua jicho moja.

"Karibu mwanangu, keti."

Manesi walivunjika mbavu. Naye alipotambua kwamba yu hai na mguu upo, machozi yalimlengalenga. Alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akamshukuru hata mfagiaji aliyekuwa anapita zake na ndoo.

Alipewa ruhusa pamoja na maelekezo. Afanye mazoezi, atembee kidogo kidogo, akande goti kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo, na muda mwingi alale na mguu umeinuliwa kwa mito, kisigino kiwe juu kuliko moyo. Aliambiwa uvimbe utakaa miezi, asishtuke. Lakini akiona homa, au wekundu unaosambaa, au kidonda kinatoa maji, au nyama ya nyuma ya mguu inauma na kukaza, asingoje hata chembe.

Mkwe aliyashika maneno hayo kama sala. Alimtandikia kitanda sebuleni, kichwa dirishani, miguu mlangoni, ili hewa impate. Akamjengea mnara wa mito, na barafu hakuikosa.

Basi wakaanza kuja watu. Walikuja wa ofisini aliowanywesha chai, walikuja akina mama wa sala, walikuja majirani. Msusi ndiye aliyekuwa haishi kuja, akimaliza kichwa cha mteja anachungulia, akianza kingine anachungulia tena. Na kila hodi ilikuwa na shughuli yake. Mama Karibu akiisikia tu, anatoa barafu, anashusha mguu kutoka kwenye mito, mkwe anauegemeza usiangukie vibaya, shuka inanyooshwa, mama anakaa wima ukingoni mwa kitanda, miguu yote miwili chini, uso umekunjuka.

"Karibu, karibu sana, keti hapa."

Mgeni anakaa, anapewa chai, zinaanza habari. Akiondoka, mguu unarudi juu. Mito haijapata joto, hodi!

Hakuna aliyeona tatizo. Wageni waliona mama mwenye adabu zake. Mkwe aliona mama mkwe anayejikaza. Mama Karibu mwenyewe aliona upendo, na upendo ulikuwepo kweli.

Lakini goti likakataa kunywea. Asubuhi lilikuwa na nafuu, mikunjo ya ngozi inaonekana. Kufika alasiri limejaa, linang'aa, kifundo cha mguu kimezama, na ndala za mkwe ndizo pekee zilizomwingia. Siku zikapita, likawa vile vile. Na wageni, kwa mapenzi yao, wakaanza kutoa maoni.

"Chuma hicho hakijaelewana na damu yako," alisema mmoja.

"Usimtishe mgonjwa wewe!" msusi akamkemea, kisha papo hapo akasogeza kiti. "Ila binamu yangu naye goti lake lilivimba hivi hivi, ikabidi walifungue tena."

Kulifungua tena. Neno hilo lilimkaa Mama Karibu rohoni kama mwiba. Mbele za watu alitabasamu, lakini wakitoka alilitazama goti lake na kulipapasa. Akiomba, alianza kwa kushukuru kama kawaida yake, kisha anaishia pale pale: "Mungu wangu, sijachoka kukushukuru kwa goti hili. Ila tafadhali, usinirudishe kwenye kisu."

Siku ya kurudi kliniki, daktari alilibonyeza goti, akalikunja, akalikunjua, akatazama na picha.

"Goti limekaa vizuri, mama. Kidonda kimefunga, homa huna. Huu ni uvimbe tu."

"Kwa hiyo hamlifungui?"

"Sioni sababu ya kulifungua. Lakini sasa ulipaswa uwe umeanza kupungua. Ukiendelea kujaa hivi, goti litakaza, utashindwa kulikunja, na hapo itabidi tukulaze tena. Hebu nenda kwa dada wa mazoezi."

Mama Karibu alilisikia neno moja tu, tukulaze. Akatoka akilirudia moyoni.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na baiskeli isiyokwenda popote, mipira mikubwa, na kitanda cha ngozi. Dada wa mazoezi alimlaza, akamwinua mguu, akauondoa mto mmoja uliokuwa chini ya goti, akausogeza kisiginoni.

"Nyumbani analala hivi?"

"Sana, dada!" mkwe akajibu. "Tena namtandikia mwenyewe kila siku."

"Na barafu?"

"Haikauki."

Dada akakuna kichwa. Alipokuwa anafikiri, mlango ukafunguliwa, akaingia kijana wa usafi kuchukua pipa la taka. Mama Karibu akashusha mguu, akaketi wima. "Karibu baba, karibu." Dada akamrudisha, akampandisha mguu. Akaingia nesi kuazima kiti. Mguu chini. "Karibu mwanangu." Wakampandisha tena. Mara mgonjwa mwingine akachungulia, kakosea chumba. Mguu chini.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mwanangu. Namkaribisha mgeni."

"Huyo kapotea mlango!"

"Aliyepotea mlango hastahili salamu?"

Dada wa mazoezi aliweka taulo mezani, akamgeukia mkwe polepole. "Nyumbani wanakuja watu wengi?"

Mkwe akajiziba mdomo kwa viganja viwili. "Yarabi! Tangu asubuhi mpaka jua linazama. Na mimi ndiye ninayemshusha mguu!"

Wakatazamana wote watatu, kisha kicheko kikawatoka, Mama Karibu akicheka kwa aibu na ahueni kwa pamoja. Dada alimweleza kwa upole. Ule uvimbe ni maji, na maji hufuata mteremko. Mguu ukiwa juu yanaondoka, ukining'inia yanarudi gotini. "Wewe unayapandisha na kuyashusha kutwa nzima, mama. Kupumzika unapumzika, ila goti lako halijapata nafasi."

"Sasa nimpokee mtu kwa unyayo, mwanangu? Mtu katoka kwake kuja kuniona, mimi nimtolee kisigino?"

"Goti halina habari na hayo, mama. Usipolipatia mwezi au miwili ya utulivu, litakaza."

Njiani kurudi, mkwe alikuwa ameshapata dawa. "Nitakaa mlangoni, mama. Atakayekuja nitamwambia umelala."

"Uongo usinisemee. Na mlango usinifungie. Hawa watu walishinda nje ya wodi kwa ajili yangu. Leo goti limepatikana, niwazibie njia?"

"Basi wakukute mguu juu."

"Na hilo siliwezi."

"Sasa tufanyeje, mama?"

Mama Karibu akageuza uso dirishani. Alitazama nje ya gari mpaka wakafika.

Alasiri ya siku ya pili, mguu ukiwa juu na barafu imetulia, hodi ikapigwa. Haikuwa hodi ya msusi, maana msusi huingia kwanza ndipo akabisha. Hii ilikuwa ya taratibu, ya mtu anayengoja kuitikiwa. Mkwe akachungulia, akageuka macho yamemtoka.

"Baba yangu."

Alikuwa baba yake mzazi kweli, fundi viatu, mzee asiye na maneno mengi, aliyekuja na koti lake la kutokea. Huyu na Mama Karibu waliheshimiana kupita kiasi. Tangu watoto wao waoane, hawajawahi kusemezana bila kuinamisha vichwa. Kati ya wageni wote wa dunia hii, ndiye ambaye Mama Karibu asingethubutu kumwonyesha unyayo.

Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye shuka. Kisigino kikaacha mto. Akamtazama mkwe, amsaidie kama siku zote. Mkwe hakusogea. Alisimama pale mlangoni, mikono kifuani, amebanwa katikati ya baba yake na mama mkwe wake, lakini hakusogea.

Mama Karibu akausikia mguu unaanza kuwa mzito, yale maji yanashuka. Akalikumbuka lile neno la daktari, tukulaze. Akaurudisha mguu kwenye mto, akajifunika uso kwa kiganja.

"Karibu mkwe, karibu sana. Nisamehe. Leo siinuki."

Mzee alisimama kizingitini, kofia mkononi. Akautazama mguu ulioelekea kwake moja kwa moja, na unyayo wake mweupe. Akasogea karibu, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Mkwe," akasema, "mimi ni fundi viatu. Maisha yangu yote nimekula kwa nyayo za watu. Unyayo ndio utanifukuza mimi?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya kazini kabisa, "Naona ulikuwa unakanyagia upande wa nje. Viatu vyako vya kulia vilikuwa vinalika huku, sivyo?"

"Baba!" mkwe akapiga ukelele.

"Vilikuwa vinalika huko huko," Mama Karibu akajibu kutoka chini ya kiganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia. Mzee akabeba kiti mwenyewe, akazunguka kitanda, akakiweka upande wa kichwa, mbali na unyayo, karibu na dirisha. Wakanywa chai wakizungumza mpaka barafu ikayeyuka, na kwa mara ya kwanza wakwe hao walitazamana machoni.

Kiti kikabaki pale kichwani. Msusi alipokikuta, aliuliza kama siku hizi wageni wanawekwa kichwani mwa mgonjwa kama madaktari, kisha akakikalia kabla hajajibiwa. Mwezi ule goti likaanza kunywea. Halikuisha mara moja, hata leo akisimama sana linajaa jioni na lina joto lake, na kupiga magoti hawezi. Husali akiwa kwenye kiti. Lakini linakunjika, na siku aliporudi kliniki daktari hakutaja kulaza mtu. Mama Karibu anasema shukrani zake anazigawa sawa: kwa Mungu, kwa waliompasua, kwa waliokuja kumwona, na kwa yule binti aliyekataa kusogea mlangoni.

Bado anapumzisha mguu kila alasiri, na mlango wake uko wazi. Ila watu hawajazoea, wakimkuta amelala husita nje na kutaka kurudi. Ombi lake kwao ni hili:

"Mkija kuniona, msingoje niinuke. Ingieni, mje mkae huku kichwani, mniache na mguu wangu juu."