Mahadhi ya Wadley

Doreen Staniforth alizaliwa Wadley akaolewa Hagshaw, na kati ya vijiji hivyo viwili vya Yorkshire kuna kilima kimoja tu, chenye kondoo na upepo. Lakini kwa habari ya nyimbo za Krismasi, ni kama alikuwa ameolewa ng'ambo ya bahari.

Usichana wake aliumalizia katika kiwanda cha vijiko mjini Sheffield, akisugua na kung'arisha, akirudi jioni uso mweusi tititi na magazeti yamefungwa miguuni kuzuia masizi. Jumapili alipiga kinanda katika kanisa dogo la Wadley. Ndipo akakutana na Clifford, mpasua mawe mwenye sauti nzito ya kutikisa vioo, wakaoana mwezi wa kumi.

Hagshaw hawangoji Krismasi ifike ndipo waimbe. Kuanzia Novemba, kila Jumapili adhuhuri, watu hujazana kwenye baa ya Winnie, bia mkononi, bega kwa bega, wakaimba hadi madirisha yatoke jasho. Nyimbo zenyewe kanisa lilizifukuza zamani kwa kuwa zina furaha kupita kiasi. Baa ikazipokea.

Jumapili yake ya kwanza Doreen alisimama karibu na moto, kando ya mama mkwe wake, Bi. Ada, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Ukafika wimbo wa wachungaji. Maneno Doreen aliyajua tangu utotoni, akafungua kinywa kwa nguvu zote, akaimba kwa mahadhi ya Wadley. Wenzake wakashuka, yeye akapanda. Baa nzima ikaangua kicheko.

"Jamani, nani kaingiza kondoo wa Wadley humu?" mtu akapiga kelele.

Bi. Ada hakucheka. Alimsogelea tu akasema, "Hapa tunaimba wa kwetu, mwanangu. Utauzoea."

Doreen hakuuzoea. Alijifunza nyimbo zote za Hagshaw, ila huo mmoja ulipoanza, alikwenda msalani. Aliketi huko akiwasikiliza kupitia ukutani mpaka ubeti wa mwisho, kisha akarudi na uso mkavu. Hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka watoto wakakua na kuondoka.

Katika mengine yote alikuwa mtu wa Hagshaw. Pudini ya Krismasi waliikoroga kwa Bi. Ada wiki kadhaa kabla, kila mtu kwa zamu, macho yamefumbwa, akiomba jambo lake moyoni. Doreen ndiye aliyemchoma bata mzinga, na Bi. Ada akapika mchuzi, kwa kuwa mchuzi wa Doreen, kwa maneno ya mkwewe, "unaweza kuoshea madirisha." Walipigana vijembe hivyo na kupendana, bila yeyote kulitamka neno hilo.

Basi Desemba moja ya barafu, Mzee Enoch, mpiga kinanda wa baa, aliteleza mlangoni kwake akavunjika mkono. Jumapili ile watu walikuja wakasimama wakikitazama kinanda kama gari lililokosa dereva.

"Doreen anapiga," Bi. Ada akasema kutoka kitini. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu, lakini masikio bado.

"Mimi? Mama, sijagusa kinanda tangu niolewe."

"Unapiga kwenye meza yangu kila unapongoja chai. Nenda kaketi."

Akaketi. Mwanzoni vidole vilikuwa kama soseji, lakini kufikia wimbo wa tatu vilikumbuka. Wa wachungaji ulipofika alikuwa hana pa kukimbilia, akaupiga kwa mahadhi ya Hagshaw, kila kupanda na kushuka mahali pake. Clifford, mlemle kwenye kundi la sauti nzito, alimkodolea macho.

"Kumbe unaujua!" alimwambia ulipokwisha. "Miaka yote nilidhani una kibofu kidogo."

Watu wakacheka, na safari hii Doreen naye akacheka mpaka akafuta machozi. Bi. Ada akagonga fimbo sakafuni.

"Sasa piga wa kwenu."

"Aa, huo una kona nyingi, Bi. Ada," mmoja akanung'unika. "Tutapotea."

"Basi nyamaza umsikilize."

Doreen akaupiga na kuuimba ubeti wa kwanza peke yake. Katika wa pili, sauti nyingine ikadakia kutoka mlangoni. Ilikuwa ya mfugaji wa Wadley aliyevuka kilima kumtafuta dume lake la kondoo lililopotea. Alivua kofia akaimba naye mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna aliyeliona dume lake.

"Si mbaya," Bi. Ada akasema. "Mrefu lakini."

Mwaka uliofuata Bi. Ada hakuwepo. Alifariki majira ya kuchipua, usingizini. Mzee Enoch alirudi kwenye kinanda, ila alimwachia Doreen nusu ya pili, na humo wimbo wa wachungaji ukaimbwa mara mbili, wa Hagshaw kisha wa Wadley. Ule wa Wadley waliuimba vibaya. Waliuburuta, wakanyoosha kona zake zote, na Doreen aliwagombeza kila Jumapili bila mafanikio.

Habari zikafika ng'ambo ya kilima. Siku ya pili ya Krismasi kaka yake Doreen, Stanley, alikuja mwenyewe, koti limeloa theluji, akasimama nyuma akausikiliza mpaka mwisho.

"Mmeuharibu," akawaambia. "Mmeuharibu kabisa."

"Basi tufundishe," Clifford akamjibu, akimsogezea bia.

Stanley akavua koti.