Mawe Matatu ya Mheshimiwa Pattajoshi

Vyeo vyote vya Gadadhar Pattajoshi vilipita mikononi mwa Dhruba Maharana, mchonga mawe wa kijiji cha Kantapada. Kila uchaguzi ulipokaribia, Dhruba aliletewa jiwe jeusi alichonge: jiwe la msingi la daraja la mto wao. La kwanza liliandikwa Pattajoshi, Mjumbe wa Bunge la Jimbo. La pili, Pattajoshi, Naibu Waziri. Bwana mkubwa alikuja, akapasua nazi, akavikwa maua, akaenda zake. Daraja likabaki maneno.

Mwaka uliofuata jiwe la pili, Sukanti, mke wa Dhruba, alishikwa na uchungu wa kuzaa mto ukiwa umefurika. Walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi ukingoni. Gari la hospitali lilikuwa ng'ambo, wanaliona. Akafia palepale na mtoto wake tumboni, kando ya jiwe alilolichonga mumewe.

Jiwe la tatu lilipoletwa, Nabaghana, kaka yake Sukanti, alifoka. "Shemeji, unamchongea tena mwongo huyu?"

"Namchongea. Tena safari hii vizuri zaidi."

Siku ya kuliweka, Pattajoshi, sasa Waziri wa Ujenzi, alipitisha kidole kwenye herufi. "Fundi, mbona umezichimba hivi?"

"Zisifutike, Mheshimiwa. Zitapitiwa na mengi."

Waziri akacheka, akampigapiga begani. Dhruba alitamani kuukata mkono ule.

Dhruba huyu, akikanyaga hata kipande cha gazeti, huinama akakigusa na kuziomba radhi herufi, maana kwao maandishi ni kitu kitakatifu. Lakini uchaguzi ulipokwisha, yeye na Nabaghana waliyang'oa mawe yote matatu wakayalaza juu ya majabali ya mtoni, majina juu. Kijiji kizima kikawa kinavukia hapo: wanawake na mitungi yao, mbuzi na vinyesi vyao. Dhruba alitazama, akaona raha. Haikumtosha. Alikuwa akimngoja mwenye jina.

Miaka mitano baadaye mwenye jina alikuja kuomba kura. Mvua ya ghafla ilikuwa imeujaza mto, magari yakakwama ng'ambo, na kura mia nane ziko upande huu zinamtazama. Akavua viatu avukie kwenye mawe, ambayo bado yalikuwa juu ya maji. Akainua mguu, akasoma, akasita.

"Kanyaga, Mheshimiwa!" Nabaghana alipaza sauti. "Daraja lako hilo, unaliogopa?"

Wanawake wakaziba midomo kwa ncha za sari. Pattajoshi akamkanyaga Waziri. Akamkanyaga Naibu Waziri. Akamkanyaga Mjumbe. Alishuka vyeo vyake vyote kwa nyayo zake mwenyewe, uso umemwiva.

Likabaki jiwe moja kufika ukingoni, jipya, Dhruba alikuwa ameliweka asubuhi ile. Halikuwa na cheo. Liliandikwa Sukanti.

"Hilo hukanyagi," alisema Dhruba.

"Wewe fundi, sasa nipite wapi?"

"Majini. Mke wangu ulimwachia njia hiyohiyo."

Waziri alitazama nyuma, akatazama mbele, hakuna aliyecheka tena. Akashuka na nguo zake nyeupe, maji yakamfika kifuani. Alinyoosha mkono avutwe. Watu mia nane walikuwa ukingoni, na mkono ule ukabaki hewani.