Mafuta ya Karafuu Niliyompaka Bibi Harusi Midomoni

Mwanangu anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo, na midomo yake imebambuka kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo anadhani ni mkono wa mtu mwingine. Assalam aleikum nyote. Admin nifichie jina, maana hapa Ibra, Omani, nikipiga chafya tu watu wanajua ni mie.

Nina miaka hamsini na tatu, nina watoto watano. Mwenyewe nimesoma Kurani na darasa la sita, basi. Lakini wanangu, mashaallah, wamesoma. Huyu wa pili, bibi harusi, ana digrii yake na kazi yake ya ofisini, na akiingia mahali na abaya yake watu husahau walichokuwa wakisema. Mchumba ni wa mji wa Al Qabil, watu wa heshima, wana mitende yao. Sisemi kwa kujivuna. Haya, najivuna kidogo.

Kitu kimoja tu hakikunitosha kwake, midomo. Myembamba, kachukua kwa baba yake. Mie ndiye niliyeanza, si yeye. Nikamwambia siku hizi kuna sindano za kunenepesha midomo, wanaita fila, kila harusi ninayokwenda bibi harusi kachoma. Akanijibu, "Mama, mimi sindano ya homa tu nalia." Na kweli, alipokuwa mdogo alimng'ata mtu wa chanjo. Nikamwambia nitakaa naye, nitamshika mkono, hatosikia kitu. Nilimwahidi hivyo, na ahadi hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Tukaenda Nizwa ili asituone mtu. Kliniki ile chumba cha pili yuko daktari wa meno, ukifungua mlango tu unapokewa na harufu ya karafuu. Muuguzi alikuwa msichana wa Sur, mji wa pwani, mtaa wa Aija, bibi yake kazaliwa Unguja. Aliponisikia nazungumza Kiswahili na mwanangu akaniamkia shikamoo. Mie moyo ukafunguka, nikampa namba yangu ya simu na nikamwalika harusini hapo hapo. Akampaka mwanangu krimu ya ganzi, kisha akanambia kwa Kiswahili chao cha vijana wa huku, "Mama, dawa hii usigusa. Dakika ishirini tu, mimi narudi."

Akatoka kwenda kutayarisha vitu vya daktari. Mwanangu amelala, kafumba macho, machozi yanamtiririka na sindano yenyewe hajaiona. Jamani, mie siwezi. Na mkobani mwangu hakikosi kichupa cha mafuta ya karafuu, dada yangu huniletea kutoka Zanzibar. Mtaani kwetu mtu akiumwa na jino hubisha kwangu kabla ya kwenda hospitali. Nikajisemea, jino linalala, mdomo utashindwaje? Na huyo wa meno pale pembeni si anatumia hayo hayo? Nikamimina kidoleni, nikampaka juu ya krimu, midomo yote, mara mbili. Akaniuliza kwa mdomo wa ganzi nafanya nini. Nikamwambia nampangusa, dawa isimwingie kinywani. Harufu haikumshtua mtu, nyumba nzima inanukia karafuu.

Yule msichana aliporudi na daktari, wakafuta krimu, midomo ilikuwa myekundu na malengelenge yanaanza kutoka. Daktari hakuchoma kitu. Alimgeukia msichana akamuuliza dawa kaiacha muda gani. Akasema dakika ishirini. Daktari akasema haiwezekani, umeisahau. Akaapa, daktari asimwamini. Kisha akatuuliza sisi kama tulipaka chochote nyumbani. Nikasema nyumbani hatukupaka kitu. Na kweli, nyumbani hatukupaka.

Wapendwa, neno hilo linanirudia kila ninapotawadha.

Midomo inapona, daktari kasema mpaka Alhamisi atakuwa mzima, kwa hiyo msinionee huruma kwa hilo. Kinachoniua ni kwamba mwanangu aliandika malalamiko kwa kliniki, ukurasa mzima, kwa Kiarabu safi cha chuo. Akanisomea huku anakunywa uji kwa mrija. Kaandika kwamba muuguzi mzembe kama huyo asiguse tena uso wa mtu. Na mie, mama mzima, nikamsifu alivyoandika.

Juzi msichana akaniletea ujumbe wa sauti. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikausikiliza mara tatu. "Shikamoo mama. Samahani nakusumbua. Wamenambia nikae nyumbani mpaka Jumapili, wataamua kama narudi kazini. Mama, wewe ulikuwapo. Uliona mimi sikufanya makosa. Njoo unisemee." Nikamwandikia, "Inshaallah, mwanangu." Akanirudishia picha ya moyo.

Nikisema kweli, mwanangu ataijua siri ya mama yake siku nne kabla ya harusi, na lile karatasi lake zuri litakuwa aibu yake na yangu. Labda asitake nimvishe hata ushungi wake. Na kwa wakwe zake habari itafika kwamba tulikwenda kutafuta midomo Nizwa. Nikinyamaza, mtoto wa watu atapoteza kazi, naye kanipigia shikamoo na bado ananiamini. Nilimkuta bibi harusi leo mbele ya kioo anajipaka vaselini taratibu, akaniambia, "Mama, bora ulikuwapo siku ile, ningekufa kwa hofu." Nikatoka nikasema nakwenda kutazama wali.

Nipeni shauri, ndugu zangu, wala msinifiche. Nianze kumwambia mwanangu huku nyumbani, au niseme kule kule kliniki mbele ya wote? Sina muda mwingi, siku zimebaki mbili. Daktari, mwanangu, yule msichana na mie, sote tumeitwa kliniki kwa ajili ya malalamiko hayo, Jumapili, saa tatu asubuhi.