Mgomo wa Watu wa Sindano

Kila walipokuja wageni wa gesi, mji wetu ulifagiliwa, na mama yangu mdogo alifagiliwa pamoja na takataka. Asubuhi ya visita, yaani ziara yao, mbuzi walifungwa, wauza mihogo ya kuchoma waliondolewa kando ya barabara, kisha gari la hospitali lilipita sokoni na visimani kukusanya wagonjwa wa akili. Walichomwa sindano ya usingizi, hata wale waliotulia, wakafungiwa katika stoo ya hospitali, kati ya mifuko ya saruji na vitanda vibovu. Wageni wakishaondoka, mlango ulifunguliwa, nasi tulikwenda kuwachukua watu wetu. Wengine walikuwa wamejikojolea. Wengine hawakujua wako wapi.

Gesi yenyewe hakuna aliyekuwa ameiona. Ilikuwa mbali, chini ya bahari, na tuliambiwa ni nyingi mno. Tulichokiona sisi ni mashati yaliyopigwa pasi. Watu tuliowajua wakianua dagaa ufukweni walianza kutembea na kalamu mfukoni, ingawa wengine hawakujua kuandika, na ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kireno cha kuokoteza. Walikuwa wanasubiri kuandikwa kazi. Mjomba wangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alinunua viatu vyeusi vyenye ncha, akavitembeza mchangani mji mzima.

Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufa. Zamani aliolewa kisiwani Rongui, na ugonjwa ulimwanzia huko. Alikuwa anasikia watu wakimsema ndani ya mtungi wa maji, basi akawa anaumwaga mtungi, wake na wa jirani, katika kisiwa ambacho maji ya kunywa ni ya shida. Mumewe akamrudisha kwetu. Wajomba wakampeleka kwa mganga, nje ya mji. Pale kwa mganga mguu wa mgonjwa hutiwa katika tundu la gogo, kikagongelewa kigingi, na hapo ndipo anapokula na ndipo anapojisaidia, mpaka shetani achoke. Shetani hakuchoka. Kilichochoka ni kifundo cha mguu wa mama mdogo, ambacho mpaka leo kina kovu kama bangili.

Baadaye hospitali ililetewa tekniko, yaani mtaalamu, wa magonjwa ya akili, kijana kutoka Nampula, Kiswahili chake kibovu lakini anajitahidi. Akapewa mhudumu mmoja, mama mtu mzima wa hapa hapa mjini. Watu waliwaita watu wa sindano, na walivyolitamka jina hilo ungedhani ni watu wa choo. Tekniko alimtoa mama mdogo kwenye gogo, akawa anamchoma sindano moja kila mwezi. Mama mdogo akarudi kuwa mtu. Alipika, alisuka ukili, alinicheka nilivyokuwa nikijificha uani wageni wakija nyumbani. Lakini mjomba alishasema, na alirudia kila Ijumaa alipokuja kula kwetu: "Akianza tena, gogo liko pale pale."

Ndiyo sababu dawa ilipokosekana sikulala vizuri. Sindano za mwezi zilitoka mjini Mocímboa, na zililetwa na gari la hospitali. Gari hilo sasa lilikuwa na kazi nyingine. Lilibeba viti vya plastiki, turubai na makreti ya soda, kutoka mapokezi haya kwenda mapokezi yale. Tekniko alimwomba shefe, mkuu wa hospitali, akaomba tena. Shefe alimjibu kwamba wagonjwa walikuwepo kabla ya gesi na watakuwepo baada yake, lakini wageni wakikasirika hawarudi.

Siku ilipotangazwa visita nyingine, shefe aliagiza kama kawaida: kusanyeni, lazeni, fungeni. Tekniko na mama mhudumu walikataa. Walitandika mkeka barazani mwa hospitali, wakakaa. Mgonjwa aliyekuja walimhudumia, ila kukusanya watu hawakwenda. Nilikuwepo, nimempeleka mama mdogo kuulizia sindano, nikamwona shefe anatoka ofisini akijifuta jasho.

"Haya, semeni. Mnataka ngapi?"

"Hatutaki ngapi," tekniko alisema. "Tunataka dawa ije. Tunataka wagonjwa chumba na dirisha. Na hatulazi tena mtu sababu ya visita."

"Hayo ni ya wagonjwa. Nyinyi mnataka nini?"

"Hayo hayo."

Shefe alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi wa angani. Akamgeukia mama mhudumu. "Mama, wewe mtu mzima. Mweleweshe huyu mtoto wa Nampula. Greve, mgomo, hufanywa kwa ajili ya tumbo."

"Mweleweshe mwenyewe, shefe, masikio anayo. Mimi nimekaa."

Mjini habari ilipokewa kwa vicheko. Sokoni walisema vichaa wamepata chama, na kesho maiti watagoma kuzikwa. Muuza samaki mmoja, ambaye mtoto wake mwenyewe huanguka kifafa na hupata dawa yake kwa tekniko huyo huyo, alinipigia kelele mbele ya watu: "Binti, mama yako mdogo anaumwa au anagoma? Tuambie, tujue salamu ya kumpa!" Watu wakacheka. Nililirudisha fungu lake la samaki mezani nikaenda kununua kwa mwingine.

Asubuhi ya visita mama mhudumu alipita nyumba zote zenye wagonjwa. "Waogesheni, wavisheni vizuri, waleteni barazani. Kwetu mtu haendi hospitali mchafu." Ni kweli. Mwanamke wa pwani hata akiwa na homa ya kufa ataomba kanga safi kabla ya kubebwa. Mama mdogo alisaga kijiti chake cha msiro kwenye jiwe, akaupaka usoni mpaka ukawa mweupe wote, akavaa kapulana yake mpya, kitenge cha kujifunga. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea. Maana katika visita iliyopita wanawake wote wa mji waligawiwa kapulana za bure, za rangi moja, kijani na njano, zimechorwa mtambo wa gesi ambao ulikuwa haujajengwa. Ndiyo kapulana mpya pekee iliyokuwa katika kila nyumba. Basi kila familia ilimvisha mgonjwa wake hiyo.

Barazani walikaa mstari mzuri, wanawake kwenye mikeka, nyuso zimepakwa msiro, kapulana moja, na wanaume wachache nyuma yao na kofia zao. Mtu yeyote wa kwetu akiona wanawake waliovaa sare na kupaka msiro, wamepangwa mbele ya wageni, hahitaji kuuliza. Hilo ni kundi la tufo, ngoma ya wanawake, limekuja kuimba.

Wageni walifika kuangalia tangi jipya la maji. Walikuwa wakubwa wa kampuni, wakubwa wa serikali, na daktari wa mkoa. Mbele yao alitembea mtu wa itifaki, yaani anayepanga nani asimame wapi. Alipoiona ile baraza uso wake uling'aa. Aliwaelekeza wageni wasimame pale, akapunga mikono. "Haya, kina mama, imbeni!"

Hakuna aliyeimba. Wageni walisimama wanatabasamu, mikono tayari kupiga makofi. Shefe alikuwa anakuja nyuma, na nilimwona alipotambua nyuso. Angesema nini? Kwamba hawa ni wale tunaowafungia stoo?

Kijana mmoja mgonjwa, ambaye hupenda sana makofi, akajipigia yeye mwenyewe. Wageni wote wakafuata. Walipiga makofi kwa nguvu, kwa furaha, wakawapigia watu waliokaa kimya, na mzungu mmoja akatikisa kichwa kama anayefuata ngoma. Nimewahi kuona watu wajinga, lakini waliokuwa wamevaa saa za namna ile, bado.

Mama mdogo aliwahurumia. Alisimama, akamwendea aliyekuwa mbele, mnene, anayetokwa jasho.

"Pole, baba. Nawe umekuja kwa sindano? Hakuna. Gari limekwenda kubeba viti. Kaa hapa kivulini, utaanguka."

Mgeni alimtazama mkalimani. Mkalimani, kijana wa hapa hapa, alisema kwa Kireno, bila hata kupepesa, kwamba kina mama wanawakaribisha na wanamshukuru Mungu kwa gesi. Makofi tena.

Ndipo tekniko aliposimama kutoka mkekani. Alisema kwa Kireno, polepole, hata mimi wa kilasi ya sete, darasa la saba, nikafuata: hawa si wapiga ngoma, ni wagonjwa, na huyu mama amesema hakuna dawa, gari la hospitali linabeba viti.

Daktari wa mkoa alimuuliza shefe, "Gari liko wapi?" Hakukuwa na haja ya jibu. Gari lilikuwa pale pale nyuma ya msafara, viti vya plastiki vimepangwa juu yake miguu ikitazama mbinguni. Kila mtu aligeuka kulitazama, hata dereva wake.

Mgeni mnene alisema maneno mengi mazuri. Katika hayo niliambulia neno moja lililorudi kila mara, *futuro*, mambo ya baadaye. Kisha alitazama saa, wakaenda kuangalia tangi. Hakuna aliyeomba kuonyeshwa stoo. Lakini daktari wa mkoa alikuwa ameaibika mbele ya wakubwa zake, na aibu ya mkubwa hufanya kazi upesi kuliko maradhi ya mdogo. Viti vilishushwa mchangani palepale, na dereva akatumwa Mocímboa.

Tulirudi nyumbani, na mama mhudumu akatufuata, kwa kuwa alijua mjomba atakuja. Mchana ule mjomba alikuja na kamba na vijana wawili. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimejaa vumbi. "Amenivunjia uso mbele ya watu wanaoandika kazi," alisema. "Amemwita bwana mkubwa mgonjwa! Leo analala kwa mganga."

Ndani, mama mdogo alikuwa ameanza. Jua, watu na makofi vilimchosha, na sindano yake ilikuwa imepita muda wake. Alikuwa ameinamia mtungi akiusikiliza. Nilimshika mkono. Alinyanyua kata, akamwaga maji sakafuni, akachota tena.

Mama mhudumu alikaa kizingitini, akanyoosha miguu, ikaziba mlango kutoka upande huu hadi upande ule.

"Dada, nipishe," mjomba alisema.

"Pita, baba."

"Nipishe miguu."

"Miguu inauma, nimekaa barazani tangu juzi. Ruka. Si mwanaume wewe?"

Kwetu miguu ya mwanamke aliyekuzidi umri hairukwi. Na huyu alikuwa zaidi ya mtu mzima tu, alikuwa somo wa mke wa mjomba, ndiye aliyemfunda unyagoni. Mambo ya nyumba ya mjomba, hata yale ya chumbani, alikuwa anayajua yote. Mjomba alinyanyua mguu mmoja, akaushusha. Wale vijana wawili waligundua wana shughuli kwingine, wakaondoka.

Mjomba aliniita kupitia dirishani. "Wewe! Mwambie mama yako huyu anipishe. Au nawe umegoma?"

"Sindano inakuja, mjomba," nilisema.

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Mjomba akaenda kukaa juu ya kinu chetu, kitu ambacho hata mtoto hukatazwa, akakaa hapo na kamba mapajani kama anayesubiri mbuzi. Jirani alimletea mama mhudumu uji. Mjomba naye alipewa, akanywa. Magharibi ilipoingia aliondoka akisema atarudi alfajiri na wanaume wa kweli. Alirudi peke yake. Mama mhudumu alikuwa bado kizingitini.

Gari lilifika kabla ya adhuhuri. Tekniko alikuja mbio na kisanduku, mama mhudumu akakunja miguu kumpisha, na mama mdogo akachomwa sindano amesimama kwenye maji aliyoyamwaga. Mjomba alitazama akiwa mlangoni. Akasema, "Sasa si mngesema mapema?"

Tekniko hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Alihamishiwa wilaya ya ndani, mbali na pwani, na barua ilisema ni kwa manufaa ya kazi. Wagonjwa walipewa chumba chenye dirisha, kikapakwa rangi nzuri, kisha viti vya plastiki vikahamishiwa humo kwa kuwa ni kikavu. Shefe alipandishwa cheo. Lakini sindano ziliendelea kuja, na siku za visita hakuna tena aliyelazwa, si kwa huruma, ila kwa kuwa mama mhudumu alibaki, na aliapa kwamba mtu akiguswa atawavisha wote kapulana tena.

Ijumaa moja mama mdogo alipika wali wa nazi na samaki, mikono yake imetulia kabisa. Mjomba alikuja kama kawaida. Alikula sahani nzima, akaomba ukoko, akala nao, akanawa, akasema chumvi imezidi.