Mkaguzi wa Stoo na Mablanketi Arobaini

Mkaguzi wa hesabu anayekuja hospitalini kwetu kila mwaka haridhiki na karatasi mpaka aone kitu chenyewe. Huvua viatu mlangoni mwa stoo yangu, hupanda ngazi na soksi zake za njano, na kuhesabu kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto. Kalamu huichomeka kwenye nywele, kisha huanza kuitafuta mezani. Mwaka huu mablanketi arobaini hayakuonekana. Bosi akanijia juu: "Leo kazi huna!" Mkaguzi hata hakumtazama, aliniuliza tu, "Dada, jana mlifua?" Nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Tukatoka uani, bosi akitufuata unyounyo. Mablanketi yalikuwa yameanikwa kambani, naye akapita akigusa moja moja: thelathini na tisa. "Bado moja!" bosi akasema, sauti imemrudia. Mkaguzi akachungulia nyuma ya tangi la maji. Mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa amejifunika gubigubi, anakoroma mchana kweupe. Mkaguzi akaninong'oneza huku akizuia kicheko, "Arobaini, dada. Tumwache alale."