Salamu Niliyoifuta

Mimi kukaa sijui. Hata darasa la saba nilimaliza nikiwa nimesimama, maana mwalimu alikuwa ameshanizoea pale nyuma ya mlango. Ndiyo maana kazi ya kuita abiria ilinifaa. Asubuhi naita watu wa boti za Mwamgongo, mchana naenda mwalo wa wavuvi upande wa Bangwe, ambako mimi na wenzangu kumi na moja tuna kikundi cha kuanika dagaa. Injini zinaunguruma, mbuzi wanalia, mtu na godoro lake kichwani, na katikati ya fujo hiyo sauti yangu inapita tu. Kuna mama alikuwa anakwenda sokoni, akajikuta amekaa ndani ya boti ameshika kikapu kitupu. Mpaka leo ananilaumu.

Basi siku moja mwenyekiti wa mtaa akatuletea habari. Fundi mmoja wa boti anaomba palepale penye vichanja vyetu vya kuanikia ajenge karakana. Jumamosi asubuhi kutakuwa na mkutano, kila upande utaongea dakika tano, halafu wananchi wataamua kwa kunyoosha mikono. Tukishindwa, vichanja vinang'olewa na dagaa tunarudi kuanika chini, kwenye mchanga. Na dagaa wa mchanga hanunui mtu.

Wote wakanigeukia. Wewe ndiye mwenye mdomo, wakasema.

Hapo ndipo nilipoona jasho. Kuna kitu walikuwa hawajui. Mimi naongea sana mbele za watu wasionisikiliza. Kule kwenye boti hakuna anayenitazama usoni, kila mtu anatafuta pa kuweka mguu. Lakini watu walionyamaza, wamekaa, wananingoja mimi? Hapana. Nikawaambia kuongea mimi ni kupoteza kipaji, mimi nitakuwa kocha. Nikamnyooshea kidole binti mmoja wa kikundi chetu, aliyetoka Kalinzi kuja kuishi kwa shangazi yake, maana kwa kuanika dagaa hakuna aliyemfikia.

"Kaka, Kiswahili changu kina Kiha kingi," akasema. "Wakinicheka?"

"Wakicheka ujue wamesikia."

Tukaanza mazoezi. Namsimamisha majini, maji ya vifundo, boti zimewasha injini, halafu mimi narudi nyuma hatua kumi kumi. Siku ya kwanza sauti yake ilizama kabla hata ya kufika nchi kavu. Siku ya pili nikaisikia nusu. Nilikuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, napiga kelele, toa sauti, inua kidevu, usiangalie miguu, haijaenda popote. Kufika Alhamisi namsikia nikiwa kwenye boti ya mwisho kabisa. Nikajiona profesa.

Ijumaa tukapima kwa simu. Dakika saba. Nikatafuta pa kukata, na sikutafuta sana. Alikuwa anaanza kwa salamu ya Kiha, ile ya kupiga makofi polepole, anawasalimu wazee, anangoja waitikie, anahamia kwa kina mama, anangoja, halafu vijana. Dakika mbili zinaisha hajasema hata neno dagaa. Nikaifuta yote.

Akanitazama. "Kaka, nitaanzaje kusema na watu sijawasalimia?"

Nikamjibu kwamba boti ikiwa inaondoka hakuna anayesalimia. Hakucheka. Nikajua amechoka tu.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Mimi sikukaa. Nilisimama nje dirishani, nikaenda mlangoni, nikarudi dirishani, mpaka mzee mmoja akaniuliza kama naumwa tumbo. Fundi wa boti akaanza, akawapa wazee shikamoo yao, akaongea taratibu, watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akaitwa binti yetu.

Akasimama, akainua kidevu, akapiga sauti ileile ya majini. "Sisi vijana tunaomba eneo letu!" Ndani ya chumba cha mabati. Mtoto aliyekuwa amelala mgongoni kwa mama yake akashtuka akaanza kulia. Kina mama wakatazamana. Mmoja aliyekaa benchi la mbele akasema, wala hakunong'ona, "Huyu katokea wapi, hata hodi hana?"

Watu wakacheka. Binti akashusha karatasi yake ya hotuba, akanitafuta dirishani kwa macho. Na mimi, kocha mzima, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilivaa ndala.

Nilitakiwa kuingia, nilijua kabisa. Lakini miguu yangu ambayo haijawahi kutulia tangu nizaliwe, siku hiyo ikatulia.

Nikiwa bado nimeinama nikasikia makofi. Polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili sauti itoke nene. Nikainua kichwa. Alikuwa ameweka karatasi kwenye benchi, amekunja goti, amewaelekea wazee. "Mwakeye," akasema. Wazee wakaitikia na makofi yao, watafanyaje? Akawageukia kina mama, na yule aliyemtania akaitikia kwa sauti kuliko wote. Akamaliza na vijana. Kila akihama upande, sauti yake ilishuka kidogo, mpaka ikabaki ya kwake mwenyewe.

Halafu akaongea. Aliwauliza nani hajawahi kutafuna dagaa akauma mchanga. Kiswahili kilipomkwama aliweka Kiha, akaendelea. Alikuwa hajafika kwenye ombi mwenyekiti alipogonga saa yake kwa kidole, muda umekwisha. Nikashika dirisha.

"Mwenyekiti, muache amalize," akasema mama wa benchi la mbele. "Ametusalimia."

Akamaliza. Mikono ikanyooshwa, yetu ikawa mingi, vichanja vikabaki, ila mstari mmoja tuusogeze fundi apate njia ya kushushia boti.

Nje nikamfuata na maneno mengi ya pongezi. Hakuyajali. "Kaka, zile kamba za viatu ulifunga vizuri?"

Jumapili yake akakusanya kikundi chote mwaloni, boti zimezimwa, ziwa limelala. Akasema leo anafundisha yeye, na wa kwanza kusimama ni mimi. Watu kumi na mmoja wakakaa kwenye mchanga, wakanyamaza, wakanitazama. Yeye mbele kabisa, simu mkononi, anahesabu dakika. Mguu wa kushoto ukaanza kutafuta njia. Nikaleta viganja pamoja, nikapiga kofi la kwanza, nikangoja waitikie.