Eustadia na Maneno Thelathini na Manne

Saa moja na nusu asubuhi, Eustadia Marko amesimama mbele ya meza ya visanduku katika kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Tabora. Mkono wa kushoto umeshika mistari ya herufi za madini ya risasi zilizokwisha kutumika. Mkono wa kulia unazichomoa moja moja na kuzirudisha mahali pake, a kwa a, h kwa h. Visanduku hata haviangalii.

"Zamani nilisimama mpaka jioni," anasema huku ameegemeza nyonga mezani. "Siku hizi ikifika saa nne miguu imeshachoka. Na tumbo linasokota."

Ana miaka arobaini na mmoja. Kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia hapa. Alizaliwa Kwihara na kusoma hadi darasa la nne. Mumewe, Modest, alihamia kijiji cha ujamaa upande wa Sikonge, analima tumbaku. Yeye amebaki mtaa wa Chemchem, hapa mjini, na binti yao, Bernadeta, ambaye bado anasoma.

Mwaka juzi daktari alimwambia kwamba sumu ya risasi imemwingia mwilini, na kwamba aache kuzishika herufi hizo. Aache, ale nini? Alianza kufikiria kushona sare za shule nyumbani. Cherehani ndiyo iliyokosekana.

Kiingereza hakijui. Lakini barua, vitabu na matangazo ya Kiingereza vimepita mikononi mwake miaka yote hiyo, herufi zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo.

"Neno nikiliona mara mia, nalijua kama mtu ninayepishana naye njiani kila siku," anasema. "Sura naijua. Habari zake sizijui."

Mwaka jana, 1974, gazeti moja la Kiingereza lilitangaza shindano. Msomaji alipewa herufi tisa ndani ya mraba, aunde maneno mengi kadiri awezavyo, na kila neno liwe na herufi ya katikati. Zawadi ya kwanza ilikuwa cherehani. Gazeti lililetwa kazini na Mzee Lukumani, fundi wa mashine, akamsomea masharti kwa Kiswahili.

"Nilimwambia, Mama Bernadeta, jaribu," anakumbuka Lukumani. "Wasomi wanayatafuta maneno kichwani. Wewe unayo vidoleni."

Herufi zilikuwa N, E, I, G, B, O, U na R, na H katikati. Kwa siku nne, wenzake walipokwenda kula, Eustadia alichukua herufi tisa za risasi na kuzipanga, kuzivuruga na kuzipanga tena. "Nikikosea, mkono wenyewe unakataa," anasema. Alipata maneno thelathini na manne, moja likitumia herufi zote tisa.

Mwezi wa kumi na moja barua ilifika: ameshinda, aende kwa wakala wa gazeti hapo mjini. Alivaa gauni lake la kanisani. Lukumani alimsindikiza.

Wakala, Nassibu, alimsemesha Kiingereza. Eustadia hakuelewa, akamnyooshea barua. Nassibu akaweka kidole kwenye neno "enough" katika karatasi ya maneno aliyoyatuma Eustadia, akamuuliza kwa Kiswahili maana yake nini.

"Nikasema sijui. Akaonyesha jingine. Sijui. Akaniambia, 'Ndugu, sema kweli, nani amekuandikia?'"

Nassibu aliwaacha hapo, akaenda chumba cha ndani kupiga simu makao makuu. Aliporudi, Eustadia alikuwa bado ameketi.

"Nipe herufi nyingine," alimwambia. "Chagua mwenyewe."

Nassibu alichagua tisa. Mbele ya macho yake, Eustadia aliandika maneno kumi na tisa nyuma ya bahasha. Nassibu aliyakagua yote, hakupata kosa.

Leo Nassibu hafichi. "Nilimdhania vibaya. Jioni ile ile niliandika barua kueleza nilichokiona. Lakini simu yangu ya kumtuhumu ilikuwa imeshafika."

Cherehani ilipewa mshindi wa pili. Baada ya miezi mitatu Eustadia aliletewa kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na mistari miwili ya kuomba radhi.

"Nililia," anasema. "Kuitwa mwongo ningevumilia. Lakini nilikuwa nimeshamuaga mwenye kiwanda. Ilibidi nirudi nimwombe anipokee."

Kamusi ilikaa wiki nzima bila kufunguliwa. Kisha akatafuta lile neno la Nassibu, akakuta maana yake ni "inatosha". Akatafuta "hoe", akakuta ni jembe. "Jembe! Nimelishika tangu nina miaka sita, nami nimeliandika bila kulijua."

Sasa, akitoka kazini, mara tatu kwa wiki anapitia darasa la elimu ya watu wazima. Mara nyingine husinzia juu ya daftari, na Bernadeta humsomea alichokosa. Kijijini kwa mumewe, akina mama wamekubali kuanzisha ushirika wa kushona iwapo cherehani itapatikana.

Gazeti limetangaza shindano jingine, la mwezi wa sita, na zawadi ni cherehani tena. Eustadia atashiriki, na pembeni ya kila neno ataandika maana yake, ingawa masharti hayadai.

Na wakala akimsemesha tena Kiingereza?

Anaiachia kisandukuni herufi aliyonayo.

"Nitamjibu," anasema. "Polepole. Atanisubiri."